Wiki ya Mvua ya Kwanza

Mhadhara kwa wakulima, wavuvi na walimu, Ujiji, Kigoma

 

Chupa hii mnayoiona mezani ni ya lita moja na nusu. Maji yaliyomo niliyachota Novemba iliyopita katika kijito kimoja kinachoshuka kutoka vilima vya kaskazini mwa mji, siku ya pili tangu mvua ianze. Imekaa kabatini kwangu miezi kumi. Leo asubuhi ilikuwa maji juu na tope chini. Sasa naitikisa, mnaona yamekuwa mekundu yote kama chai iliyotiwa udongo. Naiweka hapa kwenye jua la dirisha, na wewe mwanafunzi wa mwisho wa mstari, kazi yako ni kuiangalia wakati mimi naongea. Tutakuuliza.

Tuko mwezi wa tisa. Ukisimama ufukweni jioni na kutazama milima, unaona mistari ya moto. Watu wanasafisha mashamba. Baada ya wiki nne hivi, mawingu yatajikusanya upande wa Kongo, upepo utageuka, na mvua ya kwanza itapiga juu ya majivu. Mimi nimeshughulika na udongo wa mkoa huu kwa miaka mingi, na kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu leo, lingekuwa hili: mavuno ya Kigoma hayapotei mwezi wa pili wakati mahindi yananyauka. Yanapotea wiki ile ya mvua ya kwanza, udongo ukiwa uchi.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, lakini kwanza nijibu swali nililoulizwa mlangoni. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, utatueleza tabianchi, lakini sisi tunaona ziwa limepanda likala nyumba za watu. Hiyo ndiyo tabianchi yenyewe?" Ni swali zuri, na linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu ziwa hili lina tabia zake za zamani.

Hapa Ujiji tuna kumbukumbu ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni wakifika pale huuliza ziwa liko wapi, maana wamesoma kwamba mji ulikuwa ukingoni mwa maji. Ulikuwa ukingoni kweli. Wakati ule ziwa lilikuwa juu, kwa sababu Mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji kutoka, ulikuwa umeziba kwa matete na tope. Msafiri Cameron aliufikia mwaka 1874. Stanley alirudi mwaka 1876 akalizunguka ziwa lote, akakuta Lukuga maji yake karibu hayatembei. Miaka michache baadaye ukazibuka, na msafiri mwingine, Joseph Thomson, alipofika mwaka 1879 aliukuta unakimbia kwa nguvu kwenda Kongo. Ziwa likashuka mita nyingi, ufukwe wa Ujiji ukasogea mbali. Kisha zikaja mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa likapanda tena hadi kilele cha 1964. Wazee mliopo mnaikumbuka miaka hiyo. Na kuanzia 2020 limepanda tena, hata mwaka 2024 Gatumba, pale Burundi, watu walihama mitaa mizima.

Kwa hiyo, mzee wangu, ziwa kupanda peke yake si ushahidi wa kutosha. Limepanda na kushuka kabla ya magari na viwanda. Kilicho kipya ni joto. Watafiti wamesoma historia ya joto la maji haya katika tabaka za tope la chini, na mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamekuwa na joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500 iliyopita. Hewa nayo imepata joto. Kila inapoongezeka nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa kishindo. Mvua ya mwaka mzima inaweza kubaki milimita zile zile, lakini zikaja kwa siku chache zaidi, kila siku nzito zaidi, na katikati yake siku za jua kali. Mkulima huambiwa mwaka huu mvua imetosha, naye anatazama shamba lake haelewi imetosha wapi.

Sasa chukueni tone moja la mvua hiyo nzito. Likianguka juu ya udongo mtupu hufanya kama nyundo. Huvunja mabonge madogo, chembe zinaruka, na zile laini kuliko zote huziba vitundu ambavyo maji yangeingilia. Baada ya dakika chache uso wa shamba unakuwa kama umepigwa lipu. Maji hayaingii, yanatelemka, na yanapotelemka yanabeba. Mkulima hajui kama ameibiwa, kwa sababu haachiwi korongo. Anaachiwa shamba lile lile, ila limepungua unene wa sarafu. Nawaombeni tupige hesabu pamoja. Ekari moja ni mita za mraba 4,000 na ushee. Ondoa milimita 1 ya udongo, umeondoa mita za ujazo 4. Udongo huo una uzito wa tani 5 hivi. Tani tano kwa unene wa sarafu, na ni zile tani za juu kabisa, zenye mboji, zenye samadi mliyobeba kichwani, zenye mbolea ya kupandia mliyoinunua kwa fedha ya mkopo.

Udongo huo unakwenda wapi? Hapa Kigoma jibu tunaliona kwa macho. Mikoa mingine udongo ukishuka mlimani hupata bonde pana la kupumzikia. Milima yetu ya kaskazini imesimama juu ya ziwa kama ukuta, na ziwa lenyewe lina kina kinachofika mita 1,470. Udongo ukishafika ufukweni umekwenda, hakuna mjukuu wako atakayeulima. Ndiyo maana nawaita wavuvi na wakulima katika mkutano mmoja, ingawa wengine walidhani nimekosea kuandika mwaliko.

Mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichukua nguzo za tope chini ya ziwa, mbele ya midomo ya mito mbalimbali: mbele ya vijito vya Gombe, ambako msitu umehifadhiwa, na mbele ya mito ya vijiji kama Mwamgongo, ambako milima imelimwa hadi juu. Tope lile limelala tabaka juu ya tabaka, na wenye ujuzi hulisoma kama daftari. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005, sehemu kadhaa za ufukwe zinaonyesha tope likiongezeka kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni zile mvua za 1961 na 1962. Mvua kubwa iliikuta milima mingi imekwisha kufunguliwa, na palipofunguliwa pakamwagika. Mvua ilinyesha pote, msituni na shambani, lakini kilichoteremka hakikuwa sawa. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa kuliko yote yaliyopatikana katika utafiti wa ziwa hili, na linamhusu mkulima kuliko mvuvi: mvua hatuwezi kuichagua, ila tunachagua itatukuta tumefunika au tumefunua.

Cohen na wenzake walikuwa wameonyesha tayari mwaka 1993 kwamba pale tope linapofunika mawe ya ufukweni, aina za samaki na za vidudu wadogo wa majini hupungua. Samaki wengi wa miambani hukwangua ukoga juu ya mawe, na jiwe lililofunikwa tope halina ukoga wa kukwangua. Dagaa na migebuka, ambao ndio riziki ya mialo yetu, wao huishi majini kati, na shida yao kubwa ni joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, hata upepo wa kusini wa kiangazi ukivuma. Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mimea midogo inayolisha ziwa ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20. Serikali ilipofunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, tuliona vijana wengi wa mialoni wakipanda milimani kutafuta vibarua na mashamba ya kukodi. Ziwa likidhoofika, mlima huelemewa. Na mlima ukielemewa, tope linashuka ziwani.

Niingie shambani sasa. Mihogo ndiyo chakula chetu, na mihogo ina tabia moja tusiyoizungumza. Inapandwa mvua inapoanza, kwa nafasi pana, na majani yake huchukua miezi mitatu au minne kukutana. Miezi hiyo ndiyo yenye mvua kali. Ukichanganya na desturi ya kuinua matuta yanayoshuka na mteremko, kwa sababu jembe linakwenda vizuri na maji hayatuami, umechimba mifereji mia ya kupelekea udongo ziwani. Lazeni matuta yakate mteremko. Na katikati ya mihogo wekeni maharage au karanga tangu siku za mwanzo, zifunike ardhi wakati mihogo bado inajikusanya. Najua mihogo ina adui wengine. Batobato na michirizi ya kahawia huenezwa na inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa, na udongo mzuri hauponyi pingili mbovu. Chagueni mbegu safi. Hilo ni somo la siku nyingine.

Zao ninalotaka kukaa nalo ni mchikichi, kwa sababu Kigoma ni michikichi, na kwa sababu matumaini mengi sasa yamewekwa juu yake. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kufufua zao hili, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kikakabidhiwa utafiti wake. Miche ya Tenera imezalishwa Kihinga, Bulombora na kwingineko.

Nimekuja na chikichi mbili. Hii nimeikata katikati kwa panga. Tazameni, nyama ya nje ni nyembamba kama ganda la ndizi, halafu kuna gamba nene, halafu mise ndani. Hii ni Dura, mchikichi wa babu zetu. Hii nyingine nyama yake ni nene, inajaa mafuta ukiibonyeza, gamba ni jembamba. Hii ndiyo Tenera. Siri yake iligunduliwa ng'ambo ya ziwa letu, katika kituo cha Yangambi, Kongo, ambapo Beirnaert na Vanderweyen walichapisha mwaka 1941 kwamba Tenera ni mtoto wa Dura na aina ya tatu, Pisifera, ambayo haina gamba kabisa na mara nyingi haizai. Utafiti huo uliofanyika kwa jirani zetu ndio unaolisha dunia mafuta leo, Malaysia na Indonesia pamoja nazo.

Hapa nasema na mama mmoja aliyenifuata mwaka jana akiwa na huzuni. Alipanda mbegu zilizoanguka chini ya Tenera yake nzuri, akaotesha kitalu kizuri, akawagawia majirani. Mbegu za Tenera iliyochavushwa na Tenera mwenzake, katika kila nne, moja hurudi kuwa Dura, mbili huwa Tenera, na moja huwa Pisifera. Yaani robo ya shamba lako inaweza kuwa miti mirefu mizuri isiyokupa kitu, nawe utaijua baada ya kuihudumia miaka minne. Tafadhali sana, mche wa Tenera uchukuliwe kwa wazalishaji wa mbegu wanaotambuliwa. Yule mama hakukosea kwa uvivu. Hakuna aliyemwambia.

Lakini mbegu bora ni nusu ya habari. Mchikichi ni mti wa msitu wa mvua. Unapenda milimita 1,800 hadi 2,000 za mvua kwa mwaka, zilizogawanyika vizuri miezi yote. Sisi ufukweni tunapata kama 1,000, na tuna miezi minne mikavu. Mti unaishi, lakini unahesabu kila siku ya kiu. Ukikosa maji, mchikichi huamua kutoa maua dume badala ya maua jike, na uamuzi huo unafanyika ndani kabisa ya kilele, karibu miaka miwili kabla hujaliona ua. Ndiyo maana mkulima hulalamika, "Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri, mbona mikungu hakuna?" Mti unamjibu habari za kiangazi cha mwaka juzi. Viangazi vikirefuka na jua likazidi, Tenera yetu itatupa maua dume tu, na watu watasema mbegu ya serikali haifai.

Kwa hiyo maji ya mvua yanayoteremka shambani kwako Novemba ni mikungu inayoteremka. Mvua ile ile ikizama ardhini, mti unakunywa hadi Julai. Katika nafasi ya mita 9 za pembetatu, hekta moja ina michikichi 143, kama 58 kwa ekari. Miaka mitatu ya mwanzo ardhi kati ya miti iko wazi. Nimeona mashamba mapya yaliyopaliliwa hadi yakang'aa, mwenyewe akijivunia usafi. Ndugu zangu, usafi ule unawagharimu. Palilieni duara la kuzunguka mche tu. Nafasi iliyobaki pandeni karanga na maharage, au mikunde inayotambaa. Na mkipogoa makuti, msiyachome. Yalazeni kwa mstari unaokata mteremko. Kuti moja likilala linazuia tope, linaoza, linarudisha potasiamu ambayo mchikichi unaihitaji kwa wingi.

Mkitaka kuona ninachosema, pandeni gari kwenda Kalinzi mwezi huu huu wa kiangazi. Ingieni katika shamba la kahawa lililo chini ya migomba. Toeni viatu. Mtakanyaga majani ya migomba yaliyooza, ardhi yake inabonyea na ni baridi, mkichimba kwa vidole mtakuta unyevu. Hakuna mtaalamu aliyeleta jambo lile kutoka Ulaya. Ni kilimo cha mama zetu wa Buha. Wao wako juu zaidi wanapata mvua zaidi, nakubali, lakini kanuni ya ardhi iliyofunikwa ni moja.

Tunalo pia somo la mradi wa TACARE. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege ndogo juu ya milima ile akaona msitu wa sokwe umebaki kisiwa kati ya vilima vitupu. TACARE ikaanzishwa mwaka 1994, na mwanzo wake ulikuwa vitalu vya miti. Wanavijiji walisema wazi kwamba wanataka chakula, maji, afya na udongo unaozaa. Mradi ukakubali kubadilika, na naona hapo ndipo ulipookoka. Baadaye vijiji vikapanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu yao kwenye miinuko. Sehemu nyingi hawakuhitaji hata kupanda. Visiki vya miti ya asili vilikuwa hai chini. Moto na shoka vilipokoma, vikachipua.

Najua kinachowazuia. Sitaki kuondoka hapa nikiwa nimewalaumu watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri. Mabua ukiyaacha shambani, ng'ombe wa jirani wanayala. Makinga maji yanataka nguvu za watu wengi kwa siku nyingi. Na kubwa kuliko yote, wengi wenu mnalima shamba la kukodi la msimu mmoja. Nani atachimba kinga maji kwenye ardhi atakayonyang'anywa Juni? Nani atapanda majani ya kuzuia udongo kwa ajili ya mpangaji ajaye? Na wanawake, ambao ndio wenye jembe, mara nyingi ardhi haina jina lao. Nawaomba wenyeviti wa vijiji na mitaa mliopo, simamieni mikataba ya kukodi ya miaka mitatu na kuendelea, iandikwe, ishuhudiwe. Naamini karatasi hiyo italinda udongo kuliko mhadhara wangu huu. Na kwenye miinuko yenye uchachu, ambako maharage yanadumaa ukiyawekea mbolea hivi hivi, mwombeni afisa ugani apime kwanza. Fosfati ya Minjingu hufanya kazi vizuri katika udongo mchachu, na ni ya hapa hapa nchini.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutakutana kwenye shamba la shule, kabla jua halijawa kali. Mje na miti mitatu iliyonyooka, kamba na jiwe, tutatengeneza fremu ya herufi A na kutafuta mistari ya usawa wa mteremko. Kila mwanafunzi aje na kijiti cha urefu wa mkono, chenye alama ya misumari. Tutavichomeka vijiti arobaini, ishirini palipofunikwa na ishirini palipo wazi, na kila baada ya mvua wanafunzi watapima udongo umeshuka kiasi gani. Mtaandika tarehe ya mvua ya kwanza. Huo ni utafiti, na takwimu zake zitakuwa zenu.

Haya, mwanafunzi wangu, simama utueleze umeona nini kwenye chupa.

Anasema mchanga ulishuka kabla sijamaliza utangulizi. Kisha ikafuata tabaka laini, inaendelea kujijenga, sasa imefika kama upana wa kidole. Lakini maji ya juu bado mekundu. Umeangalia vizuri. Ule wekundu ni mfinyanzi, chembe ndogo kuliko zote, ambazo zimeshikamana na mboji na fosforasi, na hautatua leo wala kesho. Ziwani, huo ndio unaopita mawe ya ufukweni ukaelekea kilindini. Mwenyekiti, naomba chupa hii ibaki ofisini kwako hadi Jumamosi. Usiisogeze.